Fremu ya Nne Ilikuwa Sentimita 17.5

Wasee, leo sina utani mwingi. Wiki mbili zilizopita kuna siz alinitumia picha inboksi. Hakusema hata "sasa". Picha tu. Ni ukuta wa bedsita, rangi nyeupe imekauka poa, fremu tatu zimekaa fiti, halafu pale kando ya mlango kuna ya nne. Nyembamba. Nyembamba hadi unashangaa ilifikaje hapo. Baada ya dakika kama kumi akaongeza mstari mmoja: "Nilifuata vipimo zako."

Na ukweli ni kwamba alifuata. Nilirudi kwa video yangu nikasoma nilichoandika chini yake: "Fremu 77.5 kwa 60, nafasi 10. Rahisi sana." Hizo namba zilikuwa za ukuta wa beshte yangu, ukuta wa sentimita 360. Wa huyu siz ni 300. Sasa hesabu nawe: fremu tatu za 77.5 na nafasi nne za 10 zinakula 272.5. Zinabaki 27.5. Toa nafasi ya mwisho ya 10, na hiyo hapo, fremu ya sentimita 17.5, saizi ya kuweka kalenda. Alikuwa amemaliza vijiti, amemaliza gundi, na doo ya rangi alikuwa ameitoa kwa pesa ya rent.

Mimi ndiye niliandika "rahisi sana". Hiyo sentensi imenikaa kwa koo tangu siku hiyo.

Kwa wale hawajui tunaongelea nini: ni zile fremu za urembo zinabandikwa ukutani, mafundi wa Nairobi wanaziita weinskotingi. Kijiti chembamba cha mbao, foamu ngumu ama jipsamu, unakata kona, unabandika mraba, unapaka rangi moja na ukuta, keja inaanza kukaa kama ya watu wa Kileleshwa. Nazipenda. Sijaja hapa kuzitukana. Nimekuja kusema kitu kimoja kuhusu sisi watu wa kontenti ya nyumba: tunauza ukuta na tunaficha hesabu, na hesabu ndiyo kazi yenyewe. Kubandika ni saa chache. Kupima na kupanga ndiko kunakoamua kama utatabasamu ukiingia kwako ama utaning'iniza kalenda kuficha aibu.

Video yangu ilikuwa sekunde 38. Kazi yenyewe ilikuwa siku tatu. Siku ya kwanza yote na asubuhi ya pili tulikuwa na tepu meja, penseli na karatasi, tukifuta na kuandika tena. Nilirekodi hizo zote. Kisha nikakaa nikaedit, na sehemu ya kwanza nilitupa ni hiyo. Kwani nani ataangalia msee akigawanya namba? Muziki ukapanda, ukuta mtupu, paap, ukuta mrembo. Watu wakapenda. Mimi pia nilipenda.

Kuna jibu moja huwa napata kila nikileta hii stori: "Si fundi atajua." Labda. Lakini video zetu zote zinaambia watu fanya mwenyewe, okoa pesa ya fundi. Huwezi mwambia mtu amfukuze fundi halafu unyamaze kuhusu kile fundi alikuwa anafanya akisimama kwa ukuta dakika ishirini bila kushika kitu.

Mimi hilo nimelifunzwa na mzee mmoja wa ploti yetu. Ni seremala, amestaafu nusu, tunamwita Guka. Nikiwa naanza kupima ukuta wa sebule ya mathe, nilivuta tepu mara moja, nikaandika 412, nikaanza kugawanya. Guka alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Akaniuliza, "Mjukuu, hiyo umepima wapi?" Nikamwambia chini, kando ya skatingi. Akasema, "Sasa pima katikati. Halafu juu."

Katikati: 410. Juu: 413.

Ukuta mmoja, majibu matatu. Kwa macho huwezi ona. Plasta ilipakwa na mkono wa mtu, kona haziko sawa, na hiyo ni kawaida. Unachukua ndogo kabisa, 410, ndiyo unafanyia hesabu, ndio usikate kipande halafu kikatae kuingia. Halafu akaniambia nisiamini sakafu pia. Nilikuwa nataka kupima sentimita 90 kutoka chini kila mahali nichore mstari. Akaenda kwake akarudi na ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga, umejazwa maji. Unashika mwisho mmoja huku, mwingine kule, maji yakitulia pande zote mbili ziko urefu mmoja. Sakafu ya mathe imeshuka sentimita moja na nusu kutoka mlangoni hadi dirishani. Ningefuata sakafu, mstari wangu ungekuwa umelewa. Kama huna Guka, pimamaji ya kawaida inafanya hiyo kazi, ila tumia ndefu.

Sasa hesabu yenyewe, ile nilikata kwa video. Niliacha chuo mwaka wa pili, kozi ya takwimu, na mathe hajawahi nisamehe kabisa, so jueni mnafunzwa na mtu aliyekimbia namba. Lakini hii si ya chuo, ni ya darasa la sita. Chukua upana wa ukuta. Amua unataka fremu ngapi. Amua nafasi kati yao, kati ya sentimita 8 na 12 hukaa vizuri kwa vyumba vyetu. Nafasi huwa moja zaidi ya fremu, kwa sababu kuna moja kila mwisho, na hapo ndipo watu wengi wanaanguka. Fremu nne, nafasi tano. Toa nafasi zote kwa upana wa ukuta, kinachobaki gawanya kwa idadi ya fremu. Ukuta wa beshte yangu: 360 toa 50, inabaki 310, gawanya kwa nne, 77.5. Ndiyo ile namba ilimkosesha yule siz. Kwa ukuta wake wa 300, fremu nne zingekuwa 62.5 kila moja na kila kitu kingeingia.

Yaani mstari mmoja wa hesabu. Ningeuweka kwa video ungechukua sekunde sita.

Urefu wa kwenda juu ni rahisi kidogo. Wengi wetu tunaishi chini ya silingi ya kama mita 2.7, na reli, ule mstari unapita katikati ya ukuta, huwekwa karibu theluthi moja kutoka chini. Hapo ni 90. Skatingi ya mathe ni sentimita 10. Nikaacha nafasi ya 10 juu ya skatingi, 10 chini ya reli, fremu ikabaki na 60. Usiweke reli nusu kwa nusu, chumba kinaonekana kama kimekatwa kisu.

Sasa nikuambie kitu kilichokaribia kutugombanisha na mathe. Alitaka fremu tano. Na mimi nilitaka namba isiyogawanyika kwa mbili, kwa sababu TV iko katikati kabisa ya ukuta juu ya reli, na ukiweka fremu nne, katikati ya ukuta inaangukia kwa nafasi, TV inakaa ni kama imekosea kiti. So tano. 410 toa 60, gawanya kwa tano, 70 kila moja. Namba safi. Nikafurahi hadi nikapiga picha karatasi.

Halafu Guka akanyoosha kidole kwa soketi.

Soketi ya mara mbili, ile pana, ina kifuniko cha karibu sentimita 14.6. Ya mathe katikati yake iko 162 kutoka kona ya kushoto. Kwa hivyo inaanza kama 154.7 na kuishia 169.3. Fremu yangu ya pili ilikuwa inaisha 160. Yaani kijiti kingepita juu ya soketi. Nikajaribu kupunguza nafasi iwe 8, fremu ikaisha 160.8. Nikaongeza iwe 12, ikaisha 159.2. Soketi haikutaka kutoka njiani. Nikajaribu nne: inaingia ndani ya fremu vizuri, lakini TV inakaa vibaya. Nikajaribu tatu: 410 toa 40, gawanya kwa tatu, 123.3. Fremu ya katikati inaanza 143.3 hadi 266.6. Soketi iko ndani yake na hewa ya kupumua, TV iko katikati.

Mathe akasema tatu ni kubwa mno, zinakaa kama mabango ya barabarani. Nikamwambia njia nyingine ni fundi wa stima mwenye leseni aje ahamishe soketi, ambayo ni kuchimba ukuta, plasta mpya, rangi mpya. Akanyamaza. Na tukiwa hapo kwa soketi: waya kwa nyumba nyingi hupanda wima kutoka kwa swichi na soketi. Usitoboe wala kupiga msumari juu yake moja kwa moja ati kwa sababu fremu inataka kushikwa. Fremu ikianguka utaibandika tena.

Kabla ya kununua chochote, bandika mfano. Ile tepu ya karatasi ya mafundi wa rangi, ile inabanduka bila kung'oa kitu. Chora fremu zote ukutani kwa saizi yake halisi, rudisha sofa mahali pake, kaa nazo siku tatu. Ziangalie asubuhi, ziangalie usiku taa ikiwa imewaka. Kuna siku utaingia ukiwa umechoka na utajua tu kwamba hii haiko sawa, na hiyo siku itakuwa imekugharimu tepu peke yake. Pima mistari miwili ya kona kwa kona pia kwa kila fremu. Zikilingana, fremu iko mraba. Zikitofautiana hata kwa sentimita moja, imepinda, na jicho la mgeni ndilo litaona wa kwanza.

Ununuzi nao una mtego wake. Fremu tatu za mathe: 123.3 na 60, mara mbili, mara tatu. Jumla ni mita 11. Vijiti nilivyopata vilikuwa vya mita 2.4. Mita 11 gawanya kwa 2.4 ni kama 4.6, so mtu anasema nipe vitano. Atakwama. Vipande virefu viko sita, kila kimoja 123.3, na viwili havitoki kwa kijiti kimoja kwa sababu ni 246.6. So unahitaji vijiti sita, kila kimoja kinatoa kirefu kimoja na kifupi kimoja cha 60, na kinachobaki ni kama sentimita 56 za kuangalia tu. Halafu nunua kimoja zaidi, cha kukosea. Utakosea. Kona inakatwa nyuzi 45 na mkato wa kwanza wa maisha yako hautakuwa 45. Ongeza viwili vya reli. Tisa. Kutoka vitano hadi tisa, na hiyo tofauti ndiyo ile safari ya pili ya mjini, nauli ya pili, na ukifika unaambiwa muundo ule umeisha.

Chora vipande kwa karatasi kabla hujaenda dukani. Msumeno nao unakula milimita mbili tatu kila mkato, kwa hivyo vipande vinne vya 60 havitoki kwa 240. Karatasi inasema vinatoka. Msumeno unakataa.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niseme sisi wa huku tunafaa kupanga kuliko hata wale tunaowaiga. Video nyingi tunazoziiga zinatoka Marekani. Kule nyumba nyingi ni za fremu ya mbao, ukuta wa ndani ni bodi ya jipsamu iliyopigiliwa kwa nguzo zilizoachana kama inchi 16. Msee anashika bunduki ya misumari, tap tap tap, amemaliza. Akikosea, anang'oa, shimo ni la sindano, anajaza. Ukuta wako wa Kasarani ni mawe, pengine ya Ndarugu, na plasta juu. Msumari mdogo unapinda, mkubwa unatoka na kipande cha plasta. Tunategemea gundi. Na gundi ikishika, kuitoa ni kung'oa rangi na plasta pamoja. Kwao kosa ni shimo la sindano. Kwetu kosa ni fundi wa plasta. Na kama ukuta ulipakwa rangi ya mafuta ile inang'aa, gundi inashika rangi, haishiki ukuta. Piga msasa kwanza pale kijiti kitakaa. Ukuta wenye unyevu usiuguse, tibu unyevu kwanza.

Najua kwa komenti kuna wale watakuja na "hizi ni mambo za wazungu". Kiasi, ndio. Ulaya walifunika sehemu ya chini ya ukuta kwa mbao kwa sababu ya baridi na unyevu, na ile reli ilikuwa ya kuzuia migongo ya viti isichubue plasta. Lakini tembea Lamu, ingia nyumba za kale za mawe, uone zidaka: safu za vishubaka vya plasta iliyochongwa, ukuta mzima, zimepangwa kwa mistari hadi unashangaa. Nyingine ni za karne ya 18. Hakuna mtu alipanga ile kitu kwa kubahatisha akifika mlangoni ndiyo aone imebaki nusu. Kuchora mraba kwa ukuta hatukufunzwa na TikTok.

Na jambo la mwisho kuhusu vipimo, ambalo wengi wetu wa kupanga nyumba tunaruka: pima pia maneno ya landlodi. Yule siz hakuuliza. Mimi kwa video sikusema aulize, kwa sababu beshte yangu anakaa kwa nyumba ya mzazi wake na haikuniingia akilini. Kama umepanga, omba ruhusa, na iwe kwa maandishi, hata meseji ya simu, ikisema utaacha fremu ama utazitoa na nani atalipa rangi. Deposti yako iko hapo. Kama jibu ni hapana, basi ni hapana. Nunua kioo kirefu ukiegemeze ukutani, kinatoka na wewe siku ya kuhama.

Mtauliza nilimfanyia nini huyo siz. Nilimuomba msamaha kwanza, sauti, si meseji. Nikampa hesabu zote mbili, ya fremu tatu na ya fremu nne, lakini kusema ukweli hazikumsaidia, zake tayari zimeshikwa na gundi. Nikapeleka picha kwa Guka. Akaiangalia muda mrefu, akasema, "Toa hiyo nyembamba peke yake. Pale kando ya mlango si ndipo mtu hutundika jaketi?" Kipande cha mbao wima, ndoano tatu, kinafunika pale gundi imeng'oa rangi, na ile nafasi ya 27.5 inaonekana ilikuwa na kazi tangu mwanzo. Nilimtumia ndoano na mbao kwa rider. Landlodi bado hajaona. Aliniandikia "sawa", bila emoji. Sijui kama amenisamehe, na sijamuuliza.

Video sijaifuta. Nitawaambia ukweli: ndiyo inayotazamwa zaidi kwa zote nilizonazo, na ndiyo ilinipatia kazi mbili za kulipwa mwezi huu. Nilichofanya ni kufuta yale maneno ya chini na kubandika komenti ya kwanza yenye hesabu na onyo kwamba vipimo ni vya ukuta ule tu. Najua wengi hawasomi komenti. Kama mnaona hiyo haitoshi, niambieni hapa, nitakubali kutukanwa.

Ya mathe nimeirekodi yote. Dakika kumi na nne. Kuna mpira wa maji, kuna Guka na chai, kuna mimi nikikosea kugawanya 370 kwa tatu mbele ya mtu aliyenilipia karo. Sitakata hiyo sehemu. Ikipata watu mia mbili, ni hao mia mbili.

Tepu iko ukutani siku ya tatu leo. Fremu tatu. Jana usiku taa ikiwa imewaka, mathe alisimama hapo mbele akapitisha kidole juu ya tepu ya katikati, kisha akasema mabango yake si mabaya, lakini TV ishuke kidogo. Nikapima. Inaweza kushuka sentimita sita na bado ikae juu ya reli. Nikachora alama ndogo kwa penseli.

"Unaniandikia kwa ukuta?"

Nimemwambia itafunikwa na rangi.